Jinsi ya kufumbua mafumbo yanayoficha hesabu

Kitendawili cha "nyumba yangu haina mlango" hufumbuliwa kwa kuona mfanano. Ukishindwa unatoa mji, unaambiwa ni yai, mchezo unaendelea. Mafumbo ya hesabu ni ya ukoo mwingine. Husimuliwa kwa ngamia, mitumbwi na sarafu za bandia, lakini kila kinachohitajika kuyafumbua kimo ndani ya maneno yenyewe, na jibu ukishalipata unalipima mwenyewe bila kusubiri mtegaji akubali.

Wanaokwama mara nyingi hawakosi hesabu. Wameona namba tatu wakakimbilia kuzijumlisha, au wameandika x kabla ya kujua x inasimama badala ya nini. Aljebra ni chombo kizuri, ila katika mafumbo haya huja mwisho, na mara nyingi haihitajiki kabisa.

Soma mara mbili

Mara ya kwanza puuza majina. Sultani, konokono na mfanyabiashara ni mapambo tu. Kalamu ipigie mstari vitenzi na masharti: gawa, vusha, mimina, "bila kurudia", "angalau", "kila mmoja". Mara ya pili, kwa kila kitenzi, jiulize kinabadilisha nini na kinaacha nini vilevile. Kile kisichobadilika ndicho cha kukamata.

Mfano. Una kikombe cha maziwa mililita 200 na kikombe cha chai ya rangi mililita 200. Unachota kijiko kimoja cha maziwa unatia kwenye chai, unakoroga, kisha unachota kijiko kimoja cha mchanganyiko unarudisha kwenye maziwa. Kipi kingi: maziwa yaliyo kwenye chai, au chai iliyo kwenye maziwa? Wengi husema maziwa, kwa kuwa kijiko cha kwanza kilikuwa maziwa matupu.

Tazama kisichobadilika: mwishoni kila kikombe kina mililita 200 kama mwanzo. Maziwa yaliyohama kikombe chake, nafasi yao imejazwa na chai, kiasi kwa kiasi. Basi ni sawasawa. Asiyeamini apige hesabu kwa kijiko cha mililita 10: kinachorudi kina maziwa 10/21 na chai 200/21, na maziwa yanayobaki kwenye chai ni 10 kutoa 10/21, yaani 200/21. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini inategemea chai imekorogwa vizuri. Hoja ya ujazo haijali ukorogaji. Hata ukikoroga ovyo jibu ni lilelile, mradi vijiko viwili viwe na ujazo mmoja.

Dhumna iliyofichwa

Hili linafaa kutegwa barazani. Chukua seti kamili ya dhumna, kete 28, kuanzia tupu-tupu hadi sita-sita. Ficha kete moja mfukoni bila mtu kuona, tuseme tano-mbili. Waambie wenzako wapange kete zote zilizobaki kwenye mstari mmoja, kwa kufuata kanuni ya kawaida: namba hugusana na namba iliyo sawa nayo. Kabla hawajaanza, waambie mstari utaanza na tano na kuishia na mbili. Wakimaliza, itakuwa hivyo.

Ili kulifumbua, hesabu kila namba inatokea mara ngapi. Chukua tano. Ipo kwenye kete sita pamoja na namba nyingine, kisha kwenye tano-tano inatokea mara mbili: jumla 8. Namba zote saba, ukihesabu na tupu, ziko hivyo. Ndani ya mstari kila namba imeshikana na mwenzake, kwa hiyo katikati namba huenda mbilimbili. Inayoweza kukosa mwenza ni ile ya mwisho wa mstari tu. Ukiondoa tano-mbili, tano zimebaki 7 na mbili zimebaki 7. Namba witiri haigawanyiki mbilimbili, kwa hiyo tano moja na mbili moja lazima zikae ncha za mstari. Hazina pengine pa kwenda.

Mchezo huu huharibika kwa njia tatu. Ukificha kete yenye namba moja pande zote, kama tatu-tatu, tatu zinabaki 6, ambayo ni shufwa, na huna cha kutabiri isipokuwa kwamba ncha mbili zitakuwa na namba moja. Kama seti imepotelewa na kete hata moja, utabiri unaweza kufa. Hesabu 28 kwanza. Na mara nyingi wapangaji hukwama zimebaki kete tatu nne zisizo na pa kukaa. Wasizivunje zote. Wakate mstari mahali penye namba inayofanana, waziingize zile zilizobaki kama kitanzi kinachoondoka kwenye namba hiyo na kurudi kwenye hiyohiyo, kisha waunge.

Ukitaka kumjaribu aliyekwisha kuelewa, toa kete zote saba zenye sita. Zimebaki 21. Je, zinapangika kwenye mstari mmoja? Atajaribu hadi usiku. Kila namba sasa inatokea mara 7, witiri, na namba ziko sita. Zote sita zinataka ncha, mstari una ncha mbili.

Hili ndilo fumbo la madaraja ya Königsberg, mji ambao siku hizi unaitwa Kaliningrad, huko Urusi. Palikuwa na madaraja 7 yakiunganisha sehemu 4 za nchi kavu, na watu wakiuliza kama mtu anaweza kutembea akapita kila daraja mara moja tu. Mwanahisabati Leonhard Euler aliandika jibu mwaka 1736: sehemu moja iligusa madaraja 5, na tatu zilizobaki ziligusa 3 kila moja. Zote nne ni witiri, na matembezi yana mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Kwa hiyo ukikuta fumbo lolote la kupita kila njia mara moja, la kuchora bila kuinua kalamu, au la kuunganisha vitu ncha kwa ncha, usianze kwa kujaribu njia. Hesabu witiri ziko ngapi. Zikiwa 0 au 2, na vyote vimeungana, inawezekana. Zikizidi mbili, weka kalamu chini.

Ngamia 17

Mzee ameacha ngamia 17. Mwana wa kwanza apate nusu, wa pili theluthi, wa tatu tusui. 17 haigawanyiki kwa 2, wala 3, wala 9. Jirani anawaazima ngamia mmoja, wanakuwa 18. Wa kwanza anachukua 9, wa pili 6, wa tatu 2. Jumla 17, na jirani anaondoka na ngamia wake.

Hapa jambo la kwanza ni kujumlisha sehemu kabla ya kugusa ngamia. Kigawe kidogo cha shirika cha 2, 3 na 9 ni 18: 9/18 na 6/18 na 2/18 ni 17/18. Siri yote ni hiyo. Wosia haukugawa mali yote. Umeacha 1/18 bila mwenyewe. Ndiyo maana kila mwana amepata zaidi ya alichoandikiwa: wa kwanza alistahili ngamia 8 na nusu, akapata 9.

Aliyesoma mirathi atatabasamu, ingawa tusui haimo katika mafungu ya Qur'ani (nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi). Mafungu yakipungua na hakuna wa kuchukua baki, kilichosalia hurudishwa kwa warithi wanaostahiki kwa uwiano wa mafungu yao, na hicho ndicho alichokifanya jirani: 9 kwa 6 kwa 2. Mafungu yakizidi mali, kuna aul, yaani kila fungu hupunguzwa kwa uwiano. Mume ana nusu na dada wawili wa baba na mama mmoja wana theluthi mbili. 3/6 na 4/6 ni 7/6, basi mali hugawanywa mafungu 7, mume 3, dada 4.

Kutunga fumbo lako la aina hii ni rahisi. Tafuta sehemu tatu ambazo jumla yake imepungukiwa fungu moja tu la kigawe cha shirika. Nusu, robo na sudusi ni 11/12: tumia ngamia 11. Nusu, theluthi na thumuni ni 23/24: ngamia 23. Nusu, theluthi na subui ni 41/42. Ukikosea ukaweka nusu, theluthi na robo, jumla ni 13/12, na sasa jirani inabidi aondoe ngamia badala ya kuazima. Weka ngamia 13, mfiche mmoja nyuma ya nyumba, gawa 12: 6, 4, 3. Jumla 13, mrudishe uliyemficha. Fumbo hili la pili, kwa maoni yetu, ni zuri kuliko la kwanza, na ni wachache wanaolijua.

Mizani na sarafu ya bandia

Una sarafu 12, moja ni ya bandia na hujui ni nzito au nyepesi. Mizani ni ya vitanga viwili, bila mawe ya kupimia. Itambue, na ujue ni nzito au nyepesi, kwa kupima mara 3 tu.

Usiguse mizani. Hesabu kwanza yanayowezekana: sarafu 12, kila moja huenda ni nzito au nyepesi, jumla 24. Mizani hutoa majibu matatu: kushoto chini, kulia chini, sawa. Vipimo vitatu hutofautisha hali 27 kwa wingi wote. 24 inaingia. Sasa kipimo cha kwanza: baada yake vimebaki vipimo viwili, ambavyo hubeba hali 9 tu. Ukiweka 5 kwa 5 na mizani ikaegemea, hali zimebaki 10, umeshindwa. Ukiweka 3 kwa 3 na ikawa sawa, zimebaki sarafu 6, hali 12, umeshindwa pia. Ni 4 kwa 4 pekee inayobakisha 8 kila upande. Hapo umejua pa kuanzia bila kubahatisha, na kwa vipimo vilivyobaki unatumia hesabu hiyohiyo: kila jibu lisibakishe hali zaidi ya 3, kisha 1.

Kama fumbo limesema bandia ni nyepesi, mambo ni mepesi zaidi: sarafu 9 kwa vipimo 2, sarafu 27 kwa vipimo 3. Kosa la kawaida ni kugawa nusu kwa nusu. Gawa mafungu matatu.

Kuvuka mto

Chui, mbuzi na majani, mtumbwi wa mtu na kitu kimoja. Fumbo ni la kale. Limo, kwa mbwamwitu na kabichi, katika mkusanyo wa Kilatini unaohusishwa na msomi Alcuin wa York, aliyefariki mwaka 804. Andika hali, usiwaze safari: kila mmoja wa wanne yuko ng'ambo hii au ile, hali 16. Futa 6 ambamo mbuzi yuko na chui au na majani bila mwenyewe. Zimebaki 10, na kuziunganisha ni kazi ya dakika chache: vusha mbuzi, rudi mtupu, vusha chui, *rudi na mbuzi*, vusha majani, rudi mtupu, vusha mbuzi. Wanaoshindwa wamejiwekea sharti ambalo fumbo halikuweka, kwamba kilichokwisha kuvuka hakirudi.

Mitego ya namba

Konokono yuko ndani ya kisima cha mita 10, mchana anapanda 3, usiku anateleza 2. Si siku 10. Siku 7 zikiisha yuko mita 7, na siku ya 8 anafika juu kabla usiku haujamrudisha. Hatua ya mwisho ihesabu peke yake. Magugu maji yakiongezeka mara mbili kila siku na kujaza bwawa siku ya 30, nusu ya bwawa ilikuwa siku ya 29. Soma kutoka mwisho. Katika mafumbo ya umri, tofauti ya umri haibadiliki kamwe: mama ana 36, mtoto 8, tofauti 28. Siku mama atakapokuwa na mara tatu ya umri wa mtoto, 28 hiyo itakuwa mara mbili ya umri wa mtoto, yaani mtoto ana 14, miaka 6 kutoka sasa.

Kuna mafumbo ambayo swali lenyewe ndilo uongo. Wageni watatu wamelipa nyumba ya wageni shilingi 30,000, kila mmoja 10,000. Mwenye nyumba anaona amezidisha, anampa mhudumu 5,000 awarudishie. Mhudumu anaficha 2,000, anampa kila mgeni 1,000. Kila mgeni amelipa 9,000, jumla 27,000, mhudumu ana 2,000, jumla 29,000. Elfu moja iko wapi?

Ukihisi swali la namna hii linakuvuta, badilisha namba ziwe kubwa mno. Tuseme mwenye nyumba amerudisha 20,000. Mhudumu anaficha 2,000, kila mgeni anapata 6,000, kwa hiyo kila mmoja amelipa 4,000, jumla 12,000. Jumlisha 2,000 za mhudumu: 14,000. Sasa zimepotea 16,000? Hakuna atakayekubali. Zile 2,000 zimo tayari ndani ya 12,000 walizolipa, 10,000 kwa mwenye nyumba na 2,000 kwa mhudumu, na fumbo limezihesabu mara ya pili. Rudi kwenye namba za awali: 27,000 ni 25,000 na 2,000, na 3,000 zimo mifukoni mwa wageni.