Mambo ya kukagua kabla fimwea yako, yaani programu inayokaa ndani ya chipu, haijaamsha bodi mpya

Anza na umeme, kodi (msimbo wa programu) itasubiri. Bodi ikiwa imezimwa, weka mita, ikiwa kwenye hali ya mlio, kati ya laini ya volti 3.3 na grandi (sifuri ya umeme); ikilia, kuna shoti, usiwashe. Kila pini ya VDD, yaani ya umeme wa chipu, iwe na kapasita yake ya nanofaradi 100, ikae karibu nayo. Kwa chipu ya STM32F407, mfano wetu hapa, kuna pini mbili za VCAP, kila moja inataka kapasita ya mikrofaradi 2.2. Hizo ni za regyuleta ya ndani, na zikikosekana utahariri kodi wiki nzima bure.

Laini ya ujumbe, inayopeleka maandishi ya bodi kwenye kompyuta, ni nyaya tatu: TX (kutuma) iende RX (kupokea), RX iende TX, grandi iwe ya pamoja. Kigeuzi cha USB kiwe cha volti 3.3.

Kisha fungua faili la .bin kwa kisoma heksi uangalie baiti 8 za mwanzo. Watu hawafanyi hivi, na ni kazi ya dakika moja. Prosesa ya Cortex-M iliyo ndani ya chipu hii ikitoka kwenye riseti (kuanza upya) husoma maneno mawili kabla ya kugusa kodi yako: la kwanza ni kilele cha staki (sehemu ya ramu ya kazi za muda), la pili ni anwani ya kodi ya riseti. Kwenye F407 utaona kitu kama 00 00 02 20, kisha C1 01 00 08. Baiti zimepangwa kinyumenyume, kwa hiyo la kwanza ni 0x20020000, mwisho wa ramu ya KB 128, na la pili ni 0x080001C1, ndani ya flashi, kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimwa. Anwani hiyo ya pili lazima iwe witiri, maana biti ya mwisho ndiyo inayoiambia prosesa kwamba maagizo ni ya Thumb, aina inayoielewa. Ikiwa shufwa, unaanguka HardFault (kosa kubwa la prosesa) kwenye agizo la kwanza kabisa.

Vigeu vyenye thamani za mwanzo vikionyesha takataka, kodi ya riseti haijanakili .data (sehemu ya thamani hizo) kutoka flashi kwenda ramu. Vile vinavyopaswa kuwa sifuri vikiwa na takataka, haijafuta .bss (sehemu ya vigeu hivyo).

Kloki: F407 huamka kwa kloki ya ndani ya MHz 16. Ukitaka 168, weka kwanza mizunguko 5 ya kusubiri flashi, ndipo uhamie kloki ya juu. Ukianza na kloki, flashi haiwahi kujibu na prosesa inatekeleza maagizo yaliyoharibika. Unaposhuka, anza na kloki. Hakikisha pia kodi inajua kristali halisi (inayotoa mapigo ya kloki) iliyo kwenye bodi. Ikidhani ni ya MHz 25 na iliyopo ni ya 8, dalili ya kwanza ni herufi zisizosomeka kwenye laini ya ujumbe.

Sasa hili ndilo linalowatesa wengi. Bodi ina dibaga, kifaa cha kupakia na kuchunguza kodi; LED inamemeta, ujumbe unatoka, kila mtu ameridhika. Dibaga inachomolewa, umeme unazimwa na kuwashwa: kimya. Unairudisha dibaga utafute kosa, na bodi inaamka kama haikuwahi kuugua. Bodi haijapona, dibaga ndiyo inayoficha kosa. Inaweza kuweka staki yenyewe na kuipeleka prosesa moja kwa moja kwenye kodi yako, bila kujali pini ya BOOT0, inayochagua prosesa ianzie wapi. Bila dibaga, prosesa husoma BOOT0 inapotoka kwenye riseti, na pini iliyoachwa ikielea inaweza kusomeka juu, ukajikuta kwenye butiloda ya kiwandani (programu ya kupakia kodi) badala ya kodi yako. Weka rizista ya kiloomu 10 kwenda grandi. BOOT0 ikiwa salama, mshukiwa anayefuata ni printf (amri ya kuandika ujumbe) inayopitia dibaga: kila ikiitwa hutoa agizo la BKPT (la kusimama ili dibaga ishike), na pasipo wa kulipokea ni HardFault. Ukitumia kompaila ya GCC, angalia kama rdimon.specs, inayoleta printf ya aina hiyo, imebaki kwenye amri ya linka (inayounganisha vipande vya kodi). Mwisho, kodi inayosubiri kristali bila kikomo: wekea muda, ikishindwa ibaki kwenye kloki ya ndani.

Jaribu kwa ubaridi wa kweli. Chomoa dibaga na kigeuzi cha USB pia, kwa sababu umeme hupenya kupitia pini ya RX na bodi haizimiki kabisa. Pima laini ya 3.3 mpaka ikaribie sifuri, ndipo uwashe. Rudia mara 20, si mara moja.

Kipima muda cha ulinzi, yaani IWDG, kiwashe baada ya yote haya kukaa sawa, maana kikishaanza hakizimwi ila kwa riseti. Pini za SWD, ambazo dibaga huunganishwa nazo, usizigeuzie kazi nyingine mapema. Na ulinzi wa kusoma wa kiwango cha 2 usiuguse kabisa wakati wa majaribio: kwenye F407 ukishawekwa haurudi nyuma, na dibaga haitaingia tena kwenye chipu hiyo.