Stepa mota ikilia au ikichora mawimbi, anza na muda wa kuzima

Herufi O ndiyo iliyonifundisha. Nina mashine ndogo ya leza hapa Mwanza, nachonga vibao vya akriliki vya maduka na ofisi. Siku hiyo kilikuwa kibao cha saluni, na O yake ikatoka na mawimbi ukingoni kama bati la migongo. Nikachukua lenzi na rula nikahesabu: mawimbi 5 ndani ya kila milimita 1. Mkanda wangu unasogea milimita 40 mota ikizunguka mara moja, na mota yenyewe ni stepa, yaani inazunguka hatua kwa hatua, hatua 200 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo hatua moja nzima ni milimita 0.2. Wimbi moja kwa kila hatua nzima! Mkanda uliolegea hauna nidhamu ya namna hiyo. Kosa lilikuwa kwenye umeme, na aliyelifanya ni mimi.

Wiki moja kabla nilikuwa nimebadilisha rezista kwenye draiva zangu za A4988, yaani chipu zinazolisha mota umeme, ili zikatekate mkondo haraka zaidi. Nilidhani masafa (mara ngapi mkondo unakatwa kwa sekunde) yakiwa makubwa mashine itatulia.

Ukweli ni kwamba A4988 haikupi nafasi ya kupanga masafa. Inawasha umeme kwenye koili, mkondo ukifika kikomo inazima kwa muda maalumu, halafu inawasha tena. Unachochagua ni huo muda wa kuzima. Masafa yanakuja yenyewe. Chukua omu za rezista iliyo kwenye pini ya draiva iitwayo ROSC, gawa kwa 825, jibu ni maikrosekunde. Mimi niliweka rezista ya 10,000, nikapata 12. Pini ikiunganishwa moja kwa moja kwenye graundi, unapata 30.

Sasa chukua karatasi. Mota yangu ina omu 1.5 na milihenri 2.8 (kipimo cha jinsi koili inavyokataa mkondo kubadilika ghafla) kwa kila koili. Ongeza kama omu 0.6 za transista mbili za draiva, inakuwa 2.1. Pawasaplai ni volti 24, kikomo nimeweka ampea 1.

Umeme ukiwaka, omu 2.1 kwa ampea 1 zinakula volti 2.1, kwa hiyo mkondo unapanda kwa (24 − 2.1) ÷ 2.8, yaani miliampea 7.8 kila maikrosekunde. Ukizimwa taratibu, unashuka kwa 2.1 ÷ 2.8, yaani 0.75 tu. Kwa hiyo ndani ya maikrosekunde 12 za kuzima unashuka miliampea 9, na kuzirudisha kunachukua maikrosekunde 1.2. Mzunguko mzima ni kama 13.3, sawa na kilohezi 75. Nilipoiona namba hiyo nilifurahi.

Nilichosahau ni kwamba kila ikiwasha, chipu hufumba macho kwa takriban maikrosekunde 1, ili isidanganywe na ule mshtuko wa kuwasha. Hata kama mkondo umeshapita kikomo, haioni. Maana yake haiwezi kuwasha kwa muda mfupi kuliko huo, na mkondo ulioingia lazima upate muda wa kutosha kushuka. Mkondo wa chini kabisa inaoweza kuushika ni takriban volti (mara ile maikrosekunde 1) gawanya kwa (omu mara muda wa kuzima). Kwangu: 24 ÷ (2.1 × 12.1) = ampea 0.94.

Isome tena hiyo namba. Kikomo changu ni ampea 1. Kwenye maikrostepu 16, yaani kila hatua nzima ikigawanywa vipande 16, hatua ndogo ya kwanza inataka ampea 0.1, ya pili 0.2, ya tatu 0.29. Zote hizo draiva ilikuwa haiwezi kuzitoa mkondo unapopanda. Ilikuwa inaruka moja kwa moja karibu na ampea nzima. Nimelipia maikrostepu 16, napata mtikisiko. Ndiyo ile O.

Nikaenda upande wa pili, rezista ya 33,000, yaani maikrosekunde 40. Mawimbi yakapungua sana. Mimi nikaridhika, ila binti yangu aliyekuwa anafanya homuwaki pembeni akaziba masikio: "Baba, mashine inalia kama nyenze." Nikainamisha sikio, kimya. Mkondo unaposhuka, chipu hii huzima kwa mchanganyiko: kwa asilimia 31 ya muda inageuza umeme ili mkondo usukumwe chini haraka, kisha inauacha ushuke taratibu. Nikipiga hesabu hiyo napata mzunguko wa maikrosekunde 57, kama kilohezi 17. Masikio ya umri wangu hayafiki huko, ya mtoto yanafika. Kwa hiyo usijipime mwenyewe, mwite mtoto.

Mwisho nikang'oa rezista, nikaunganisha ROSC na graundi. (Zima umeme kabla ya kugusa chochote, na usichomoe waya wa mota draiva ikiwa hai, utaiua.) Muda ni 30, na faida kubwa ni kwamba sasa mchanganyiko unatumika mkondo ukipanda na ukishuka, kwa hiyo hata ampea 0.1 inakaribia kushikika. Mkondo unacheza kama miliampea 100, asilimia 10 ya kikomo, nami nakubali. Masafa yanatoka kilohezi 23. Binti hasikii kitu, na draiva haipati joto la kuwasha na kuzima mara nyingi bila sababu.

Ukiwa na draiva ya DRV8825 huna la kuchagua, imefungwa kwenye kama kilohezi 30. Draiva ya TMC2209 ikiwa kwenye hali ya ukimya na saa yake ya megahezi 12 inakupa kilohezi 23.4, 35.1, 46.9 au 58.5. Mimi ningeanza na 35.1, na nisipande bila sababu ninayoweza kuiandika kwenye karatasi.

Ukibadilisha pawasaplai, rudia hesabu. Kwa muda wa 30 na kuzima taratibu, mkondo wa mota hii kwenye volti 12 unashikika kuanzia ampea 0.19. Kwenye 24 ni 0.38.