Poka ya mtandaoni: kulinda mtaji unapoanza

Binamu yangu aliweka dola 60 kwenye akaunti ya poka, zikaisha kwa siku tatu. Alipokuja kwangu alikuwa na swali moja: ni karata gani alizozicheza vibaya? Tukaipitia mikono yake yote, yaani kila mzunguko wa karata aliogawiwa. Kwa mtu anayeanza, alikuwa amecheza vizuri. Tatizo ni kwamba alikaa kwenye meza za kiingilio (fedha unayokaa nayo mezani) cha dola 20, kwa hiyo fedha yake yote ilitosha kukaa mara tatu tu. Hizi ndizo hatua tulizofuata naye baada ya hapo.

Nachukulia kwamba umri umetimia, sheria za unakoishi zinaruhusu, na kanuni za Texas Hold'em, aina ya poka ninayoizungumzia hapa, unazijua.

Hatua ya 1: Tenga mtaji

Mtaji ni fedha ambayo hata ikipotea yote, hutachelewesha malipo yoyote na hutamkopa mtu. Iweke kwenye pochi ya kielektroniki ya peke yake, mbali kabisa na akaunti inayopokea mshahara. Wapo wanaosema inatosha kujiwekea hesabu kichwani. Nawapinga kabisa, kwa sababu usiku wa manane, baada ya kupoteza, hesabu za kichwani hubadilika zenyewe. Halafu fungua mipangilio ya akaunti ya poka ujiwekee kikomo cha fedha unazoweza kuingiza kwa mwezi.

Hatua ya 2: Chagua meza

Anza na blaindi (dau la lazima kabla ya karata kugawiwa, moja dogo na moja kubwa) za senti 1 na senti 2. Kiingilio kamili ni blaindi kubwa 100, yaani dola 2. Dola 60 hapo ni viingilio 30.

Cheza meza za fedha, ambako chipu zako ni fedha halisi na unaondoka utakapo; mashindano yaache kwanza. Kwenye mashindano ya watu wengi hata mchezaji hodari hutoka mikono mitupu mara nyingi mfululizo, na mimi nisingeyagusa bila viingilio 100. Chris Ferguson, bingwa wa mwaka 2000 wa World Series of Poker, mashindano makubwa ya poka duniani, alipojipa jaribio la kutoka sifuri hadi dola 10,000, alijiwekea sharti la kutopeleka zaidi ya asilimia 5 ya mtaji kwenye meza ya fedha, na asilimia 2 kwenye mashindano. Asilimia 5 ni sawa na viingilio 20. Kwa anayeanza nataka 30, kwa sababu bado anafanya makosa yanayogharimu.

Hatua ya 3: Zima uongezaji wa chipu wa kiotomatiki

Kila kiingilio kipya ukibonyeze mwenyewe. Vikienda vitatu kwa siku moja, funga programu.

Hatua ya 4: Andika namba mbili, ya kupanda na ya kushuka

Hapa ndipo nilipopotea mimi, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Daraja la meza linalofuata ni blaindi za senti 2 na senti 5, kiingilio dola 5. Viingilio 30 vya hapo ni dola 150: hiyo ndiyo namba ya kupanda. Ukiwa huko juu na mtaji ukashuka hadi dola 100, unarudi chini: hiyo ndiyo namba ya kushuka. Ziandike zote mbili kwa kalamu kabla hujapanda, ukiwa umetulia.

Namba ya kupanda kila mtu huiheshimu, maana inafurahisha. Mimi nilipanda nikiwa na dola 162. Baada ya wiki mbili nilikuwa na 97. Sikushuka. Nilijiambia nimeshavuka meza za senti 1 na senti 2, na kwamba kurudi huko ni kukubali kuwa sijui kucheza. Badala yake nikaenda juu zaidi, meza za kiingilio cha dola 10, ili nirudishe haraka. Nilikaa saa tano mfululizo usiku huo na nikainuka mezani na dola 11.

Laiti ningeijua hesabu hii mapema. Chukua mchezaji mzuri anayepata wastani wa blaindi kubwa 5 kwa kila mikono 100, na matokeo yake yanatawanyika juu na chini ya wastani huo kwa kipimo cha blaindi kama 90 kwa mikono hiyo 100, jambo la kawaida kwenye meza za watu sita. Baada ya mikono 10,000 anatarajia faida ya blaindi 500, lakini mtawanyiko umefikia 900, yaani viingilio 9. Maana yake, takriban mara 3 katika 10 mchezaji huyo mzuri atakuwa bado kwenye hasara. Hata jozi ya A dhidi ya jozi ya K, fedha zote zikiingia kabla ya karata za mezani, hupoteza karibu mara 18 katika 100.

Mchezaji huyohuyo akishikilia daraja moja bila kushuka kamwe, uwezekano wa kufilisika akianza na viingilio 10 ni karibu asilimia 29. Kwa viingilio 20 ni kama asilimia 8. Kwa 30 unafika asilimia 2 na nusu. Kushuka mapema hupunguza hatari hiyo zaidi, kwa sababu kila hasara mpya inakuwa ndogo.

Tahadhari mbili. Kwanza, hesabu hizi ni za mtu anayeshinda kwa wastani. Anayepoteza kwa wastani hakuna mtaji utakaomtosha, na makato ya chumba (tovuti ya poka) kwa kila chungu, yaani fedha zote zilizowekwa katika mkono mmoja, ambayo kwenye meza ndogo mara nyingi ni kama asilimia 5, humsukuma huko kimyakimya. Pili, kushuka kufanyike siku hiyohiyo namba inapoguswa. "Nimalizie mzunguko huu" ndiyo sentensi iliyonipeleka hadi dola 11.

Hatua ya 5: Daftari

Tarehe, daraja, saa ulizocheza, mtaji mwanzoni na mwishoni, na neno moja kuhusu hali yako. Natumia daftari la karatasi. Programu za takwimu ni nzuri kwa kuchambua mikono, ila hazikuonyeshi kwamba hasara zako kubwa zote ziko kwenye mistari iliyoandikwa "nimechoka".

Hatua ya 6: Toa fedha kidogo mapema

Vyumba vingi huomba kuthibitisha utambulisho kabla ya kulipa. Maliza jambo hilo ukiwa na dola chache. Na ukijikuta unaingiza fedha nje ya kikomo, au unaficha daftari, tumia kitufe cha kujifungia akaunti siku hiyo na umwambie mtu unayemwamini.

Binamu alisubiri miezi miwili kabla ya kuanza upya. Alifika 150, akapanda, akaporomoka hadi 99. Jana amenitumia picha ya daftari: mstari wa mwisho ameandika "senti 2, dakika 40, nimetulia".