Kuchagua giaboksi na klachi ya lori la zamani: nilivyofanya kwenye ERF ya mzee

Giaboksi ya ERF, lori la Kiingereza aliloniachia mzee wangu, ilipokufa, ndani ya wiki moja madalali watatu waliniletea giaboksi za kampuni ya Fuller, zote eti nzima. Sikutoa hela mpaka nilipokaa chini na kalamu. Wewe mwenye lori la miaka ya sabini, nakuomba ufanye hivyohivyo. Barabara unayoipita ndiyo ikuchagulie giaboksi, dalali akae pembeni.

Kwanza tafuta spidi yako kwenye gia ya mwisho. Piga alama ya chaki kwenye tairi na nyingine chini, sukuma gari mzunguko mmoja, pima kwa futi kamba. Tairi langu, 11.00R20, linatembea kama mita 3.3. Difu yangu ni 5.1, yaani propela inazunguka mara 5.1 tairi likizunguka mara moja, na injini yangu, Cummins ile ya lita 14, inapumua vizuri kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika. Zidisha 1,800 kwa 3.3, kisha kwa 60, unapata mita 356,400 kwa saa. Gawa kwa 5.1: kilomita 70 kwa saa kwenye gia ya mwisho isiyo na ovadraivu, yaani isiyozungusha propela haraka kuliko injini. Nikiweka ovadraivu ya 0.86 nafika 81. Sheria inaniruhusu 80, na saruji ninayopandisha mlima wa Kitonga haihitaji hata hiyo 70. Isitoshe, kwenye gia ya mwisho ya moja kwa moja nguvu inapita shafti kuu bila kuzungukia meno ya pembeni, kwa hiyo giaboksi haichemki sana. Ovadraivu nikaachana nayo.

Halafu soma kibati ubavuni mwa giaboksi. Kwenye RT-9509, T ni shafti mbili za pembeni zinazogawana mzigo, 09 ni idadi ya gia, na ile 9 ya mwanzo inasema inabeba msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa futi-pauni 950. Ukikuta RTLO-14613, ni 1,450 na gia 13, na hiyo O ndiyo ovadraivu. Msokoto wa injini yako usizidi wa giaboksi. Gia 13 ni nzuri kwa anayepanda milima kila siku na mzigo kamili, kwa sababu nane za juu zimekaribiana. Kwangu tisa zinatosha: nikibadilisha kwenye 2,100 injini inaangukia 1,500 na kitu, bado ina nguvu.

Sasa klachi, na hapa ndipo nilipoumia. Giaboksi ya kwanza niliyonunua niliisafirisha mpaka Mbeya, tukainyanyua kwa jeki, utingo akasukuma, ikagoma kuingia. Tukasukuma tena. Nikalala chini na tochi: shafti ya giaboksi inayoingia kwenye klachi ilikuwa ya inchi 2, matundu ya pleti zangu za klachi ni ya inchi 1¾. Muuzaji alikuwa ameniapia kwamba zinafanana. Zote zina meno kumi, kwa hiyo kuhesabu meno hakukusaidii. Shika venia, kile kifaa cha kupimia unene: milimita 44 na nusu ni inchi 1¾, karibu 51 ni inchi 2. Pima kabla ya kulipa, hata muuzaji akikasirika.

Angalia na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini linalofungiwa klachi. Yenye shimo kama sufuria huchukua klachi ya inchi 14 yenye pleti mbili. Ya inchi 15.5 inataka flaiwili bapa. Nilibaki na ya 14. Kagua pini zinazoshika pleti ya katikati, maana zikiliwa klachi haiachii vizuri hata ukifunga pleti mpya. Beringi ndogo ya katikati ya flaiwili badilisha bila kujadiliana na mtu. Pleti za vidonge vya seramiki zinavumilia joto lakini zinakamata ghafla. Kwa gari la umri huu napenda za kawaida, zinaondoka kwa upole na kuihurumia difu.

Ukishafunga, rekebisha hivi. Klachi hii inavutwa, haisukumwi. Kati ya rilizi, ile beringi inayovuta klachi, na breki ya klachi ibaki nusu inchi. Mimi huchomeka bolti ya nusu inchi, ipite kwa kugusa tu. Kati ya rilizi na uma unaoivuta iwe milimita 3. Pedali ikifika chini kabisa ndipo breki ya klachi inashika na kusimamisha shafti, ili uingize gia ya kwanza au rivasi ukiwa umesimama. Dereva akikanyaga mpaka chini gari likitembea, anaikata breki hiyo. Akibadilisha gia njiani akanyage nusu tu, mara mbili, ya kwanza kutoa gia na ya pili kuingiza nyingine, kwa kuwa gia hizi hazina sinkronaiza ya kulinganisha mizunguko yake.

Oili naweka ya injini, SAE 50. Na lori likivutwa, fungua propela kwanza: shafti kuu ikizungushwa na matairi huku zile za pembeni zimesimama, oili haipandi na giaboksi inaungua.