Rangi ya gari la modeli ikipauka weupe

Kama unapaka bodi ya Volkswagen Beetle ya modeli ya skeli 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi (urefu wake ni kama sentimita 17), hapa Mtwara wakati wa mvua, usiguse kopo la spreya asubuhi na mapema. Tina ya rangi (kimiminika cha kuifanya nyepesi) hukauka haraka, inapoza plastiki, na unyevu wa hewa unaganda juu ya rangi mbichi. Ndiyo ule ukungu mweupe unaouona kwenye paa na boneti. Subiri jua lipande, saa tano hivi, na ufanyie kazi kivulini, ndani ya boksi kubwa lililolazwa ubavu, maana upepo wa baharini unaleta vumbi.

Osha bodi kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Plastiki mpya ina mafuta ya kiwandani, na rangi itaikimbia. Kisha praima, yaani rangi ya msingi. Hii usiiruke kabisa kama unatumia rangi ya magari halisi ya dukani, kwani tina yake kali hula plastiki na kuacha nyufa ndogo ndogo kama za tope kavu. Jaribu kwanza kwenye fremu iliyobaki, ile ya plastiki iliyoshikilia vipande vya modeli.

Shika kopo sentimita 20 kutoka kwenye bodi, anza kupuliza kabla ya bampa ya mbele, malizia nje ya bampa ya nyuma. Mikono (tabaka za rangi) mitatu myepesi, dakika 10 kati ya mkono na mkono.

Ikishapauka, iache siku mbili, piga msasa namba 2000 kwa maji, rudia kupuliza siku kavu.