Somo: Namna ya kuwatazama wapiganaji wa Aegina

Hekalu la Aphaia, mungu wa kike wa Wagiriki wa kale, liko kisiwani Aegina, Ugiriki, lakini wapiganaji wake wa marumaru wako Glyptothek, jumba la makumbusho la München, Ujerumani. Walifukuliwa mwaka 1811. Fungua picha zao kwenye simu, tuanze.

Hatua ya 1: Anzia pembeni. Sanamu hizi zilipangwa ndani ya pembetatu za paa, moja mashariki, nyingine magharibi. Katikati pana nafasi, mungu wa kike Athena kasimama wima. Paa linavyoshuka, watu nao wanapiga magoti, na kwenye pembe kabisa wamelala. Fundi alikosa nafasi, akaimaliza shida kwa kuua watu!

Hatua ya 2: Linganisha majeruhi wawili. Hapa usiharakishe. Wa magharibi amechomwa kifuani, mkono uko palepale kwenye jeraha, lakini uso umetugeukia na anatabasamu kama yuko studio ya picha. Sasa hamia kwa mzee mwenye ndevu wa mashariki, anayehesabiwa kuwa wa baadaye kidogo. Huyu hatuangalii. Kichwa kimeinama, kiwiliwili kinajipinda, mkono umebaki umenasa kwenye ngao. Kwangu mimi, huyu ndiye wa kwanza kufa kweli.

Hatua ya 3: Tafuta matundu ya keekee. Humo zilichomekwa silaha za metali, zikapotea. Ndiyo maana ngumi nyingi zimeshika hewa.

MASWALI

Mwalimu, hivi walienda vitani uchi?
Hapana, walivaa chapeo na dirii. Wachongaji ndio waliowavua, ili mwili wa shujaa uonekane. Mpiga mshale wa magharibi amevaa suruali ya kubana. Leo ni jiwe jeupe tu, zamani ilijaa nakshi za rangi.

Mkuu, picha za zamani zina pua na mikono kamili. Nani kawavunja?
Viungo vile vilikuwa vya bandia, vilivyoongezwa Roma na mchongaji wa Denmark, Bertel Thorvaldsen. Miaka ya 1960 makumbusho yakavibandua. Wapo wanaolalamika mpaka leo. Mimi naona ilikuwa haki.

Shikamoo mwalimu. Na mgongoni je, wamechongwa?
Marahaba. Wamechongwa, tena kwa uangalifu uleule wa mbele, wakati nyuma yao palikuwa na ukuta tu.