Kitunguu saumu dhidi ya ubwiri unga
Ukiona unga mweupe juu ya majani ya maboga au matango (huo ndio ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu), jaribu kitunguu saumu kabla hujakimbilia duka la pembejeo. Twanga kichwa kimoja kikubwa, kiache dakika kumi hivi, kisha loweka kwenye lita moja ya maji baridi. Usichemshe! Alisini, kemikali inayozuia kuvu, hutokea punje zinapopondwa, na moto huiharibu. Chuja kwa kitambaa, la sivyo bomba la kunyunyizia litaziba (na kuzibua ni kazi). Tia sabuni ya maji kidogo ili dawa ishike. Nyunyiza jioni ya siku hiyo hiyo, juu na chini ya jani. Rudia kila wiki na baada ya mvua. Bakajani chelewa ya nyanya (ugonjwa unaoozesha majani na matunda) wakati wa masika? Hapo sikudanganyi, saumu haitoshi.